Ndege wakazi na wahamiaji wa Dar es Salaam: nitenganishe vipi orodha?

kiota_cha_mvumo ameuliza:

Wakuu, habari za majukumu.

Ninaandaa orodha ya ndege wa mkoa wa Dar es Salaam itakayotumiwa na klabu ya mazingira ya shule. Eneo linaanzia Mbweni na Kunduchi, linapita Jangwani na mdomo wa Mto Msimbazi pale Daraja la Selander, linaishia Kigamboni. Kila ndege nataka apewe alama moja: mkazi, mgeni wa kaskazini, mgeni wa kusini, au mpitaji.

Pamekwama sehemu tatu. Kwanza, sululu, Numenius phaeopus, ana rekodi za kila mwezi, hata Juni na Julai, ilhali vitabu vyote vinamwita mhamiaji. Nimwandike nini? Pili, ndege wa angani: mbayuwayu na teleka wamechanganywa mno kwenye rekodi, hazisomeki. Tatu, hesabu za ndege wa pwani pale Selander zinaruka kutoka makumi hadi mamia ndani ya wiki moja, na sitaki kuwafundisha wanafunzi njia inayotoa majibu ya namna hiyo.

Na kunguru je? Huyu wa shingo ya kijivu anaingia kama mkazi wa kawaida?

---

bamvua_na_maji_mafu amejibu:

Mkuu, nianze na la tatu, maana hilo likikaa sawa la kwanza linakuwa jepesi.

Kinachopanda na kushuka pale Selander ni maji, ndege ni walewale. Chamchanga, sululu na jamaa zao wanakula kwenye tope na mchanga unaoachwa wazi maji yanapokupwa. Siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa kupita siku nyingine, maji yakikupwa kabisa, uwanja wa kulia unapanuka mno, ndege wanatawanyika hadi kule mwisho maji yalipofika, na wengi wao huwaoni hata kwa darubini nzuri. Maji yakianza kujaa wanarudishwa nyuma kidogo kidogo hadi wanabanana kwenye ukanda mwembamba ulio karibu na nchi kavu. Ukihesabu saa ileile ya mchana Jumatatu na Ijumaa, maji yamekwisha kusogea zaidi ya saa tatu kati ya siku hizo mbili, kwa hiyo umehesabu hali mbili tofauti kabisa.

Kwa Dar es Salaam kuna mpangilio unaorahisisha kazi. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 alasiri na hukupwa karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata muda unasogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukifika wakati wa maji mafu, wiki moja baadaye, mambo yamegeuka: asubuhi ndiyo maji yanajaa, lakini hayapandi sana, na tope halifunikwi lote. Pata jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, chagua siku za bamvua za kila mwezi, na uhesabu siku hizo tu.

Watu wengi hutoka asubuhi kwa sababu ndege wa miti wanaimba asubuhi. Kwa ndege wa pwani yetu asubuhi ya bamvua ni wakati mbaya: maji yako mbali, na jua linatoka upande wa bahari, linakupiga machoni na kila ndege anaonekana mweusi. Alasiri maji yanapanda kuja kwako, jua liko mgongoni, na rangi za miguu zinaonekana. Fika muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa, kaa sehemu moja bila kutembeatembea, na hesabu yako kuu uifanye kati ya saa 2 na saa 1 kabla ya kujaa. Ukichelewa zaidi tope linafunikwa na ndege wanaruka kwenda kupumzika kwenye mafungu ya mchanga, kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, au juu ya matawi ya mikoko. Sululu hutua juu ya mikoko bila shida, kwa hiyo msiishie kutazama chini tu.

Kuhesabu kundi: anza kushoto kwenda kulia, hesabu ndege 10 mmoja mmoja ili jicho lizoee ukubwa wa kumi, kisha pima kundi lote kwa kumi-kumi. Kundi likizidi mia tano, tumia hamsini-hamsini. Wawili wahesabu kila mtu peke yake na wasiambiane mpaka wote wamemaliza. Wakipishana sana, rudieni. Kundi likirushwa na mbwa au na waokota chaza, futeni hesabu ile na kuanza upya likitua. Msijumlishe kilichokuwepo kabla na baada. Na kama mna vikundi viwili, Selander na Kunduchi, hesabuni dakika zilezile, kwa sababu ndege wanaweza kuhama kati ya sehemu hizo maji yakipanda.

Sasa sululu wako. Mwandike mgeni wa kaskazini, na pembeni ongeza "wachache hubaki mwaka mzima". Ndege hawa wanataga kaskazini ya mbali na hawana kiota popote Afrika. Wanaoonekana Juni na Julai wengi wao ni vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Safari ya maelfu ya kilomita haina faida kwao mwaka huo, basi wanabaki pwani. Hali hiyohiyo utaikuta kwa ndege wengine wawili wa pwani, Pluvialis squatarola na Dromas ardeola. Kwa hiyo kuonekana miezi 12 hakumfanyi ndege kuwa mkazi. Kinachomfanya mkazi ni ushahidi wa kuzaa hapa: kubeba nyasi, kubeba chakula mdomoni bila kukimeza, kutupa kinyesi cha makinda, au makinda wenyewe wasiojua kuruka vizuri. Ndege ambaye hamna ushahidi huo kwake, andikeni idadi ya kila mwezi na muiache idadi iseme. Sululu atakuwa na mlima kuanzia Septemba hadi Machi na bonde Juni.

Dokezo za haraka kwa wale ndege wa pwani wanaochanganya watu:

Calidris ferruginea ana mdomo uliopinda chini taratibu na kiuno cheupe akiruka. Waliokomaa hufika Agosti wakiwa bado na mabaka ya rangi ya matofali kifuani. Vijana hufuata Septemba na Oktoba, migongo yao ina mistari safi kama magamba. Kuelekea Aprili wengine wanakuwa wekundu tena kabla ya kuondoka, na hapo wanafunzi huandika spishi mpya. Ni yuleyule.

Calidris alba ni mweupe kupita wote, anakimbia na wimbi linaporudi na kukimbia mbele yake linapokuja. Hana kidole cha nyuma. Mtafute kwenye mchanga wazi wenye mawimbi. Kwenye tope la Msimbazi ni nadra.

Xenus cinereus mdomo wake umepinda juu, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, na anakimbia kama aliyechelewa.

Wale wawili wagumu, Anarhynchus leschenaultii na Anarhynchus atrifrons (vitabu vya zamani vinawaweka kwenye jenasi Charadrius, na huyu wa pili chini ya jina mongolus): msiangalie ukubwa wa mwili, unadanganya. Pimeni mdomo kwa macho. Ukiwa mrefu kuliko umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, ni leschenaultii, na miguu yake ina ukijani. Ukiwa mfupi na miguu ni myeusi zaidi, ni atrifrons. Ambaye hamkumwona vizuri aandikwe "mmoja wa hao wawili". Rekodi ya namna hiyo ni halali kabisa, na ni bora mara kumi kuliko kubahatisha.

Dromas ardeola hana wa kufanana naye: mweupe na mweusi, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa, miguu mirefu ya kijivu-samawati. Anataga yai moja ndani ya shimo alilochimba mchangani, kwenye pwani za Bahari ya Shamu, Ghuba na Somalia. Akija kwetu anakuja na mtoto, na mtoto anaendelea kuombaomba na kulishwa hapahapa. Basi ukimwona mzazi anamlisha mtoto Kunduchi, usimwandike kuwa amezaa Kunduchi. Huyu ndiye anayevunja ile kanuni ya ushahidi niliyoitoa hapo juu, na ni vizuri wanafunzi walijue hilo mapema.

---

teleka_wa_minazi amejibu:

La pili nalichukua mimi.

Anzeni na kitu kimoja kinachomaliza nusu ya makosa: teleka hawezi kutua kwenye waya. Vidole vyake vyote vinne vinaelekea mbele, anajua kunasa kwenye ukuta au kwenye jani tu. Basi ndege wote mnaowaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme ni mbayuwayu, au ndege mwingine kabisa, lakini si teleka. Angani, bawa la teleka ni mundu, halina pembe katikati, na linapiga kwa haraka na kwa ukakamavu. Bawa la mbayuwayu lina kiwiko kinachoonekana, na mruko wake unalegea na kugeukageuka.

Teleka wakazi wa jiji ni wawili wa kujifunza kwanza. Cypsiurus parvus ni mwembamba, kahawia-kijivu mwili mzima, mkia umegawanyika sana ingawa mara nyingi anaubana ukaonekana ncha moja. Huyu anaishi na minazi na mivumo. Kiota chake ni manyoya aliyoyagandisha kwa mate upande wa chini wa jani lililoning'inia, na mayai nayo anayagandisha kwa mate ili upepo usiyamwage. Apus affinis ni mweusi zaidi, kiuno cheupe kinachozunguka hadi ubavuni, mkia umekatwa sawa. Anaishi kwa makundi chini ya dari za maghorofa na madaraja.

Kwa mbayuwayu, tazameni koo. Hirundo rustica ana koo la wekundu wa damu na utepe mweusi kifuani. Huyu ni mgeni wa kaskazini, Septemba hadi Aprili. Hirundo smithii ni mweupe safi kuanzia kidevu hadi tumbo, kichwani kofia ya kahawia-nyekundu, na nyuzi mbili za mkia nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa mbali; huyu ni mkazi, kiota chake ni kikombe cha tope chini ya daraja karibu na maji. Cecropis abyssinica ana mistari mingi myeusi kifuani na kiuno cha rangi ya kutu. Huyu kuweni waangalifu naye, maana anahamahama ndani ya Afrika. Mwandikeni kwa idadi ya mwezi kama alivyosema mkuu hapo juu.

Kosa la kawaida kwa rustica: watu wanatafuta mkia mrefu. Ndege hawa wanabadilisha manyoya wakiwa huku, kwa hiyo katikati ya msimu wengi hawana zile nyuzi za mkia, na vijana hawajawahi kuwa nazo. Koo la vijana nalo limepauka. Utepe wa kifuani ndio unaobaki kwa wote.

Upepo pia unawapoteza watu. Kwa sababu wageni wanatoka kaskazini, wengi wanadhani watafika pamoja na kaskazi, Desemba. Hapana. Chamchanga wa kwanza wanatua Agosti, kusi bado linavuma. Mkianza hesabu Novemba mmekosa mwanzo wote, na tarehe ya kufika ndiyo taarifa yenye thamani kubwa kuliko zote kwa orodha ya namna hii.

Wapitaji ni kundi la kusubiriwa kwa tarehe. Merops apiaster, aina ya keremkerem, mara nyingi husikika kabla ya kuonekana, wakipita juu sana Septemba na Oktoba, kisha Machi na Aprili. Falco amurensis, kozi mdogo anayetoka mashariki ya mbali ya Asia, anapita na mvua za vuli, Novemba na Desemba, akifuata kumbikumbi. Coracias garrulus, yule kambu mwenye kichwa cha samawati, anarudi kaskazini kwa wingi kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Kwa hawa, wiki mbili za kutotazama juu zinatosha kukufanya uandike kwamba hawapo.

Na ombi kwa shule zenye minazi: wanaosafisha minazi hukata majani yote makavu siku moja. Hayo makavu yanayoning'inia ndiyo nyumba ya Cypsiurus. Acheni baadhi kwenye kila mti, au safisheni nusu ya miti sasa na nusu baadaye, na kabla ya kukata mwangalieni dakika 15 kama kuna teleka anayeingia moja kwa moja chini ya jani. Akiingia na kutoka zaidi ya mara moja, jani lile liachwe.

---

kiota_cha_mvumo:

Nimewaelewa vizuri sana, na ile kanuni ya bamvua inaeleza hesabu zote zilizonisumbua. Maswali mawili ya nyongeza. Wageni wa kusini ni akina nani hasa, maana safu yao kwenye orodha iko karibu tupu? Na kuna ndege mwekundu na mweusi wa kwenye matete ya Jangwani anayeonekana msimu wa mvua tu kisha anapotea. Ni mhamiaji?

---

mto_mbezi amejibu:

Huyo wa Jangwani hajaenda popote. Ni Euplectes nigroventris. Dume anavaa nyekundu na nyeusi msimu wa kuzaa, mvua zikishaotesha nyasi ndefu, kisha anarudi kwenye rangi ya majani makavu yenye mistari, akafanana na jike na kujichanganya na makundi ya ndege wala mbegu. Ukimtafuta kwa rangi utasema amehama. Tafuteni makundi ya kahawia yaleyale kwenye matete, Julai na Agosti, mtamkuta. Kwera nao wana tabia hii: Ploceus subaureus dume anapauka nje ya msimu. Kwenye orodha ongezeni safu ndogo ya "vazi la kuzaa: miezi gani", itawaepusha na wahamiaji wa kubuni.

Safu ya kusini imekuwa tupu kwa sababu wapenzi wa ndege wengi wanapumzika Mei hadi Septemba wakiamini msimu umekwisha. Hapo ndipo wageni wa kusini na wa Madagaska wanapokuwepo.

Wa kwanza ni keremkerem Merops superciliosus, ambaye wengi huonekana Mei hadi Septemba. Anachanganywa na Merops persicus wa kaskazini, anayekaa kwetu takriban Oktoba hadi Aprili. Tarehe zinasaidia, lakini miezi ya mpaka wanaweza kukutana, kwa hiyo tazameni kichwa: superciliosus ana kofia ya kahawia iliyofifia na mistari myeupe juu na chini ya ule mstari mweusi wa jicho, persicus kichwa chake ni kijani kinachong'aa, mashavu ya samawati, na kidevu cha manjano kinachoingia kwenye koo la kahawia-nyekundu. Mwangalieni akiwa ametua wayani na jua likimpiga, si akiwa juu dhidi ya mwanga. Kuna superciliosus wanaozaa Afrika Mashariki pia, kwa hiyo mkiona shimo la kiota kwenye kingo za mchanga, andikeni mahali na tarehe.

Wa pili ni Ardeola idae, ndege mdogo wa jamii ya kulasitara, anayetoka Madagaska na visiwa vya jirani, Mei hadi Oktoba. Yuko kwenye daraja la walio hatarini kutoweka duniani, kwa hiyo rekodi yake ina uzito, na isiandikwe kwa kukisia. Akiwa huku hana vazi lake jeupe la kuzaa, anafanana na Ardeola ralloides. Tofauti: mistari ya kifua cha idae ni minene na myeusi zaidi, mgongo ni kahawia iliyoiva, mdomo ni mnene. Wote wawili wakiruka mabawa ni meupe, hivyo mruko hausaidii. Tafuteni kwenye maji baridi, kando ya vijito vyenye kivuli na mabwawa. Bila picha inayoonyesha kifua, andikeni "Ardeola" basi.

Wa tatu ni mdiria mdogo kabisa, Ispidina picta. Kundi linalozaa kusini mwa Afrika linakuja juu kati ya Aprili na Septemba, na wanasafiri usiku. Huyu hahitaji maji, anakula wadudu, na ndiye mnayemwokota asubuhi chini ya dirisha la kioo. Corythornis cristatus, mkazi wa kando ya maji, anafanana naye. Picta ana doa la zambarau nyuma ya jicho, na samawati ya kofia yake haishuki hadi kwenye jicho. Mkimwokota akiwa hai, mwekeni kwenye boksi la karatasi lenye matundu, gizani, bila maji wala chakula, saa moja au mbili, kisha mfungueni boksi kwenye bustani yenye miti. Kumlazimisha kunywa ndiko kunakoua, maji yanaingia mapafuni. Na taa ya nje isiyo na kazi izimwe usiku, miezi hiyo hasa, maana taa inawavuta na kioo kinamaliza.

Msisahau mabwawa ya majitaka, kama lile eneo la Chuo Kikuu pale Mlimani na la Vingunguti. Ombeni ruhusa kwanza. Tringa glareola na Tringa stagnatilis, wote chamchanga na wageni wa kaskazini, mtawapata huko kwa urahisi kuliko baharini, pamoja na Himantopus himantopus, yule mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu.

---

jangwani_juu amejibu:

Kuhusu kunguru: mpe alama ya tano, "ameletwa na watu". Corvus splendens aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, kisha akavuka bara na kuenea pwani nzima. Hahami, anazaa hapahapa, ana shingo na kifua cha kijivu. Corvus albus ndiye kunguru wetu wa asili, kifua na ukosi mweupe kabisa, mkubwa zaidi na mzito wa mruko. Waandikeni kwenye mistari tofauti kila mara. Neno "kunguru" peke yake kwenye rekodi ya Dar halina faida. Njiwa wa mjini Columba livia na shomoro Passer domesticus nao wanaingia kwenye alama hiyohiyo ya tano.

Sababu ya kumhesabu kwa bidii ni kwamba anaharibu usomaji wa orodha yote. Anakula mayai na makinda, na anawafukuza mwewe, bundi na hondohondo wakijaribu kutua. Kwa hiyo mtaa ambao hauna chozi wala shore, Pycnonotus tricolor, unaweza kuwa na miti mizuri na maua, ila una kunguru kila paa. Mkilinganisha mtaa huo na Mlimani mtadhani kuna wahamiaji waliopo huku na hawapo kule. Kwenye kila kituo andikeni idadi ya kunguru kwanza, kabla ya ndege wengine, halafu endeleeni.

Jioni, nusu saa kabla ya jua kuzama, wanapita kwa mistari mirefu kwenda kulala mahali pamoja. Simameni chini ya mstari, hesabuni wanaopita kwa dakika 5, pumzikeni 5, rudieni hadi giza. Msiingie chini ya miti wanayolala. Wanaruka wote na hesabu imekufa. Kitu kinachoamua wingi wao ni chakula, kwa hiyo pipa la taka la shule liwe na mfuniko unaofunga kweli.

---

daftari_la_maji amejibu:

Nitasema kuhusu rekodi tu, mengine yamekwisha kusemwa vizuri.

Chagueni vituo 6 hadi 8 vya nchi kavu, umbali wa mita 200 au zaidi kati yao, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Dakika 10 kila kituo, mara 2 kwa mwezi, kuanzia jua linapochomoza hadi saa 3 asubuhi. Vituo vya pwani vifuate maji, siyo saa. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, inawatosha wanafunzi. 10x inatikisika mikononi mwao na uwanja wake ni mwembamba. Pale Selander mwende wengi, vifaa vinaibwa. Daraja la Tanzanite, lililo jirani na hapo, lina njia ya waenda kwa miguu na unaona tope kutoka juu, ila upepo na mtikisiko wa magari vinaharibu matumizi ya darubini kubwa ya miguu mitatu.

Sifuri iandikwe. Hili ndilo linaloachwa na wengi. "Mbayuwayu wa kwanza Septemba 12" haina maana kama hamna "Septemba 5, tumetazama dakika 10, hakuna". Tarehe ya kufika ni ile iliyo kati ya sifuri ya mwisho na ndege wa kwanza, na bila sifuri mnaandika tarehe ya ninyi kufika. Vivyo hivyo mwisho wa msimu: endeleeni kutazama mpaka mpate sifuri mbili mfululizo.

Andikeni orodha kamili kila mara, ndege wote mliowatambua, pamoja na wale wa kawaida. Mtu akiandika wageni tu, baada ya mwaka mmoja hawezi kujua kama shore alikosekana au alidharauliwa. Orodha kamili mnaweza kuipandisha eBird, tovuti ya kimataifa ya rekodi za ndege, na kwenye Atlasi ya Ndege Tanzania, na huko kuna watu wanaohakiki rekodi za ajabu. Kwa rekodi ya ajabu toeni picha au maelezo yaliyoandikwa papo hapo kabla ya kufungua kitabu: mdomo, miguu, kiuno, sauti. Ukifungua kitabu kwanza unaanza kuona kilichochorwa.

Januari jipangeni na sensa ya kimataifa ya ndege wa majini. Mwezi huo umechaguliwa kwa sababu waliokuja wamekwisha kutulia na hakuna msafara mkubwa wa kwenda wala kurudi, hivyo hesabu ya Januari ndiyo ya kulinganisha mwaka kwa mwaka. Chagueni bamvua ya Januari iliyo karibu zaidi na katikati ya mwezi, na mshikilie utaratibu huo miaka yote.

Mwisho, pete. Ndege wa pwani wengine wana pete ya chuma mguuni, na wengine bendera ya plastiki yenye rangi na herufi. Andikeni mguu gani, juu au chini ya goti, rangi, mpangilio wa rangi kutoka juu kwenda chini, na herufi zote. Mguu wa kushoto ni wa kushoto kwa ndege mwenyewe. Watu wakitazamana naye uso kwa uso hugeuza. Mkimkuta amekufa, nyoosheni pete, piga picha ya maandishi yote pamoja na anwani iliyochongwa, kisha mtume kwa anwani hiyo tarehe, mahali na hali ya ndege. Aliye hai asikamatwe kwa ajili ya kusoma pete: kukamata ndege wa porini kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Darubini ya miguu mitatu, alasiri ya bamvua, inasoma bendera bila kumgusa.